Ono Kiyoko: kutoka boriti ya jimnastiki hadi uwaziri Japani. Alipitaje?

Chaurembo

Wakuu, heshima kwenu.

Tukizungumzia wanamichezo walioingia siasa huwa tunaishia kwa wanasoka na wanandondi. Nataka kumwelewa huyu mama wa Kijapani, Ono Kiyoko. Habari zake kwa Kiswahili hazizidi mistari miwili: shaba ya jimnastiki Tokyo 1964, baadaye waziri. Katikati pamekaa kimya, na kutoka ile medali hadi ubunge ni miaka 22.

Shaba ya timu, tena ya miaka 22 nyuma, inampaje mtu kiti katika jiji kubwa kama Tokyo? Mwaka 1998 alianguka kwenye uchaguzi, na 2001 akarudi bungeni. Kilibadilika nini ndani ya miaka mitatu? Halafu ule uenyekiti wa Tume ya Taifa ya Usalama wa Raia, ni cheo chenye meno au cha kupigia picha? Wenye kuijua Japani ya baada ya vita naomba mnifafanulie bila kuruka hatua.

---

Fito_Mbili

Karibu mkuu. Nianze na shaba yenyewe, maana watu huidharau bila kujua ilivyopatikana.

Tokyo 1964, wanawake walishindania ukumbi wa michezo wa jiji pale Sendagaya. Timu ina wasichana sita na vifaa ni vinne: kuruka farasi, fito mbili za vimo tofauti, boriti na sakafu. Kila kifaa unakipanda mara mbili. Mara ya kwanza ni zoezi la lazima, mfuatano uleule kwa dunia nzima, na mara ya pili ni zoezi la hiari ulilojitungia na kocha wako. Katika kila mzunguko wa kila kifaa zinahesabiwa alama tano bora kati ya sita. Kwa hiyo kilele ni alama 10, mara watu 5, mara vifaa 4, mara mizunguko 2, yaani 400. Umoja wa Kisovieti walipata 380.890, Chekoslovakia 379.989, Japani 377.889.

Angalia maana yake. Alama inayotupwa ni moja tu. Msichana mmoja akidondoka kwenye boriti, ambayo ina upana wa sentimita 10, wenzake watano wanamfunika. Wakidondoka wawili, lile anguko la pili linaingia kwenye hesabu jinsi lilivyo. Hapo ndipo timu nyingi huzamia, na ndiyo sababu zoezi la lazima lilikuwa linaogopwa kuliko la hiari: huwezi kukwepa kipengele kinachokushinda, na jaji anakilinganisha na wasichana wengine wote waliofanya kilekile. Japani ilisimama kwa sababu sita wake walikuwa karibu sawa. Hakukuwa na nyota mmoja wa kuwabeba. Na mpaka Paris 2024 wanawake wa Japani hawajapata medali nyingine ya timu kwenye Olimpiki.

Ono alizaliwa Februari 1936 mkoani Akita, kwa hiyo hapo ana miaka 28, ameolewa na ni mama. Siku hizi utashangaa, lakini enzi hizo ulikuwa mchezo wa watu wazima. Larisa Latynina alichukua fedha ya jumla akiwa na miaka 29. Roma 1960 Ono alikuwemo pia, timu ikaishia nafasi ya nne.

Jambo la pili ni mume. Ono Takashi alikuwa na medali 13 za Olimpiki, tano za dhahabu, na ndiye aliyesoma kiapo cha wanamichezo siku ya ufunguzi, tarehe 10 Oktoba 1964. Kwa hiyo jina la Ono lilikuwa la nyumba nzima. Baada ya mashindano wawili hao waliendesha klabu ya michezo kwa wananchi wa kawaida pale Ikegami, wilaya ya Ota, humohumo Tokyo. Hapo ndipo miaka yako 22 ilipo, Chaurembo. Klabu ya mtaani inakutana na wazazi kila wiki. Medali ikikaa kabatini haikutani na mtu.

---

Kura_Moja

Fito ametaja jina, nami nitaeleza kwa nini jina ni kila kitu kule. Ukikosa kuelewa karatasi ya kura ya Japani, siasa yao yote itakupita.

Kule hakuna picha wala alama ya tiki. Mpiga kura anapewa karatasi tupu na penseli, anaandika jina la mgombea kwa mkono wake. Asipolikumbuka, kura imepotea. Akiandika jina la ukoo tu, na wagombea wawili wana ukoo huo, kura haitupwi: inagawanywa kati yao kwa uwiano wa kura zao nyingine. Ndiyo maana matokeo ya Japani mara nyingine yana desimali, mtu amepata kura elfu kadhaa na nukta kadhaa. Na ndiyo maana wagombea wengi huandikisha jina lao kwa hiragana, herufi nyepesi ambazo hata mtoto wa darasa la kwanza anaziandika, badala ya kanji, zile herufi ngumu zenye asili ya Kichina.

Ongeza sheria za kampeni. Kampeni rasmi ya Baraza la Juu (bunge lao lina mabaraza mawili) ni siku 17. Kugonga hodi nyumba kwa nyumba kuomba kura ni kosa tangu sheria ya 1925. Mabango yanabandikwa kwenye mbao maalumu, kila mgombea na kisehemu chake. Gari la vipaza sauti linaruhusiwa saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, na muda mwingi linachofanya ni kurudia jina, jina, jina. Dhamana siku hizi ni yeni milioni 3 kwa mgombea wa jimbo. Unaipoteza usipofikisha sehemu moja ya nane ya kile unachopata ukigawa kura halali kwa idadi ya viti. Sasa mtu asiyejulikana atajitambulishaje kwa mamilioni ya watu ndani ya siku 17 bila kubisha mlango hata mmoja? Hawezi. Chama kinatafuta mtu ambaye tayari yumo vichwani mwa watu.

Walikuwa wameshalijaribu hilo mapema. Daimatsu Hirobumi, kocha wa wasichana wa voliboli walioipiga Urusi na kuchukua dhahabu Oktoba 1964, aliingia Baraza la Juu mwaka 1968 kwa tiketi ya chama tawala, LDP. Wakati huo kulikuwa na jimbo moja la nchi nzima, kura zinatoka kona zote. Mwaka huohuo mwandishi Ishihara Shintaro alizoa zaidi ya kura milioni 3 kwa njia hiyo. Daimatsu alipogombea tena 1974 alianguka. Umaarufu wa televisheni unachuja haraka usipokuwa na koenkai.

Koenkai ni jumuiya ya wafuasi binafsi wa mgombea, tofauti na tawi la chama. Ni daftari la majina na anwani: waliosoma naye, wazazi wa klabu, wenye maduka ya mtaani, wenyeji wa mkoa wake waliohamia jijini. Hawa ndio wanaotuma postikadi, kupiga simu na kujaza viti kwenye mkutano. Mwanamichezo mwenye klabu ana daftari hilo kabla hajafikiria siasa. Mwenye medali peke yake hana.

Ono aliingia tarehe 6 Julai 1986, jimbo la Tokyo, siku ambayo waziri mkuu Nakasone alipanga uchaguzi wa mabaraza yote mawili kwa pamoja na LDP ikazoa viti. Upepo ulikuwa nyuma yake. Akarudi tena 1992.

---

Chaurembo

Asante sana kaka Kura_Moja. Hilo la kuandika kwa mkono sikulijua kabisa. Lakini sasa linanichanganya zaidi: kama jina lilitosha 1986 na 1992, mwaka 1998 lilikwenda wapi?

---

Kura_Moja

Jina halikwenda popote. Chama chake ndicho kilichompiga.

Tokyo ilikuwa inatoa wabunge wanne kila uchaguzi wa Baraza la Juu (nusu ya baraza inachaguliwa kila miaka mitatu, kipindi ni miaka sita). Mpiga kura ana kura moja tu, na kura ya ziada haihamishiki kwa mwenzako wa chama. Wanne wa juu wanapita. Chama kinatakiwa kujipima: nina kura za mtu mmoja au za wawili? Ukisimamisha mmoja na kura ni za wawili, umepoteza kiti. Ukisimamisha wawili na kura ni za mmoja na nusu, unaweza kupoteza vyote.

Tarehe 12 Julai 1998 LDP ilisimamisha wawili Tokyo, Ono akiwa mmojawapo. Wakagawana kura za chama, wote wawili wakaanguka. Viti vinne vilikwenda kwa Chama cha Demokrasia, Komei, Wakomunisti, na Nakamura Atsuo, mwigizaji maarufu wa televisheni aliyesimama peke yake. Yaani aliyekuwa jina kubwa alikutana na jina kubwa jingine lisilo na mzigo wa serikali.

Na mzigo ulikuwepo. Kodi ya mauzo ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 3 hadi 5 mwezi Aprili 1997, uchumi ukadorora, benki zikaanguka. Pia saa za kupiga kura zilikuwa zimeongezwa, kutoka kufunga saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Waliojitokeza wakapanda kutoka asilimia 44 na ushei mwaka 1995 hadi karibu 59. Wale walioongezeka ni watu wa mjini wasio na chama, na hasira yao iliangukia LDP. Makadirio ya chama ya kura za Tokyo yalitegemea watu wachache kujitokeza. Waziri mkuu Hashimoto alijiuzulu baada ya hapo.

Komei hawapatwi na balaa hili kwa urahisi kwa sababu wafuasi wao wanaambiwa mtaa gani umpigie nani, nao wanatii. LDP ya Tokyo haina nidhamu hiyo, wapiga kura wake wengi wanaamua wenyewe kituoni.

---

BintiKizimkazi

Kaka zangu mmemaliza kura, nami niongeze la cheo, maana Chaurembo ameuliza kama kina meno.

Septemba 2003 waziri mkuu Koizumi alimpa Ono uenyekiti wa Tume ya Taifa ya Usalama wa Raia pamoja na mafaili mengine: usalama wa chakula, malezi ya vijana na tatizo la uzazi kupungua. Alikaa mwaka mmoja, hadi Septemba 2004.

Tume hiyo ni mtoto wa moja kwa moja wa kushindwa vita. Kabla ya 1945 polisi walikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na waliwahi kuwafunga watu kwa mawazo tu. Wamarekani waliokalia nchi baada ya vita waliivunja wizara ile, na kati ya wizara na polisi wakaweka tume ya raia. Sheria ya 1954 ndiyo iliyoipa sura ya sasa: mwenyekiti ambaye ni waziri, na wajumbe watano wanaokaa miaka mitano mitano, wanateuliwa na waziri mkuu kwa ridhaa ya mabaraza yote mawili. Na hapa watu wengi hukosea: mwenyekiti hapigi kura. Anaamua pale tu wajumbe wanapofungana. Hawezi kumwambia mpelelezi "mkamate fulani" au "faili hili liache". Kazi ya tume ni kusimamia Idara ya Taifa ya Polisi kwa ujumla, na uteuzi wa wakuu wa polisi.

Kwa hiyo jibu ni: kina meno ila yamepangwa yasimng'ate mtu mmoja mmoja. Kwenye kipindi chake kulikuwa na kashfa ya polisi wa Hokkaido, fedha za upelelezi zilizotengwa pembeni kwa risiti za uongo. Waziri katika hali hiyo anahojiwa bungeni kila wiki juu ya jambo ambalo sheria haimruhusu kuliendesha mwenyewe. Anaweza kutaka ripoti, anaweza kusukuma kanuni za ukaguzi zibadilike. Ndiyo basi.

Faili la chakula lilikuwa zito kuliko watu wanavyokumbuka. Tume ya Usalama wa Chakula, yenye wajumbe saba, ilikuwa imezinduliwa Julai 2003 tu, tunda la kichaa cha ng'ombe kilichogundulika Japani Septemba 2001. Desemba 2003 kikagundulika Marekani, Japani ikafunga mlango kwa nyama yao. Januari 2004 mafua makali ya ndege yakatokea mkoa wa Yamaguchi, mara ya kwanza baada ya miaka 79. Waziri hapo ana mtego uleule wa polisi: tume inapima hatari kisayansi, wizara za kilimo na afya ndizo zinazoamua nini kizuiwe. Washington inambana mtu wa siasa, mtu wa siasa anatakiwa asiwabane wanasayansi. Japani ilikuwa inapima kila ng'ombe anayechinjwa tangu Oktoba 2001, Wamarekani wakisema haina haja kwa ndama. Septemba 2004 tume ilitoa ripoti ya kati iliyofungua njia ya kuwaondoa ng'ombe wa umri wa miezi 20 kushuka chini katika upimaji.

Ukiniuliza mimi, huo mwaka mmoja una kazi nyingi kuliko wanavyoandika wale wanaoishia "mwanajimnastiki aliyekuwa waziri".

---

Msakafu

Dada umenena. Nami nachomeka jambo dogo kwa wanaomfananisha na Věra Čáslavská, mwanajimnastiki wa Chekoslovakia, kwa kuwa walipanda sakafu moja Tokyo 1964.

Čáslavská pale alichukua dhahabu tatu: ya jumla, farasi na boriti. Mexico 1968 akachukua nne nyingine. Lakini mlango wake wa siasa haukuwa kura hata siku moja. Kiangazi cha 1968 alitia saini waraka wa Maneno Elfu Mbili uliodai mageuzi, Agosti vifaru vya Urusi vikaingia Praha, akajificha milimani. Hana ukumbi, akajinoa kwa kubeba magunia ya viazi na kuning'inia kwenye matawi ya miti, wiki chache kabla ya Olimpiki. Mexico wimbo wa taifa wa Kisovieti ulipopigwa aliinamisha kichwa na kukigeuzia pembeni. Aliporudi alitakiwa aifute saini yake. Akakataa, akafungiwa milango ya kazi kwa miaka. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka 1989, rais Havel akamfanya mshauri wake, na akaongoza Kamati ya Olimpiki ya nchi yake.

Yeye siasa ilimfuata kwa sababu alikataa. Ono aliingia kwa chama kilichokuwa madarakani. Anayewaweka kapu moja kwa sababu wote walipanda boriti hajasaidia kitu.

---

Chaurembo

Shukrani nyingi dada BintiKizimkazi na wote. Limebaki moja tu: 2001. Alirudi Tokyo?

---

Kura_Moja

Hapana, Tokyo alikwepa. Alipita kwenye orodha ya uwiano ya nchi nzima. Usiifananishe na viti maalumu vya Tanzania, ambako chama kinapeleka majina yake. Kule tangu 2001 mpangilio wa majina unaamuliwa na mpiga kura, isipokuwa wachache ambao tangu 2019 chama kinaruhusiwa kuwatanguliza.

Lile jimbo moja la nchi nzima lilifutwa, na kuanzia 1983 chama kikawa kinapanga orodha chenyewe, nani wa kwanza, nani wa ishirini. Ndani ya LDP nafasi ya juu ilitegemea umeandikisha wanachama wangapi na kulipiwa ada zao. Unaona rushwa inakoingilia: mwenye mfadhili tajiri analipiwa ada za maelfu ya watu ambao wengine hawajui hata kama ni wanachama. Mwaka 2000 waziri mmoja alijiuzulu baada ya kubainika kuwa kampuni ya majengo ilitoa yeni milioni 100 kwa ajili ya ada hizo. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa.

Kuanzia 2001 mpiga kura anaandika ama jina la chama ama jina la mgombea aliye kwenye orodha. Zote mbili zinajumlishwa kuwa kura za chama, viti vinagawanywa kwa njia ya d'Hondt (kura za kila chama zinagawanywa kwa 1, 2, 3 na kuendelea, namba kubwa ndizo zinachukua viti), kisha ndani ya chama wanapangwa kwa kura zao binafsi. Mtu akizoa kura nyingi kupita mahitaji yake, ziada inawainua wenzake wa chini. Kwa hiyo chama kinataka majina makubwa hata kama kiti chao ni cha uhakika. Dhamana ni yeni milioni 6 kwa kila jina.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Julai 2001, Koizumi akiwa na miezi mitatu madarakani na yuko juu sana. LDP ilipata viti 20 kati ya 48 vya orodha. Masuzoe Yoichi, profesa wa kwenye televisheni, alizoa zaidi ya kura milioni moja na nusu. Mwanamieleka Onita Atsushi alipita humohumo, na Ono naye. Kwake orodha hii ilifaa kuliko Tokyo: watu wa Akita, walimu wa michezo, vilabu vya jimnastiki na waliomkumbuka 1964 wametawanyika nchi nzima. Kila mkoa kidogo kidogo, na katika orodha vijito hivyo vinaungana. Katika jimbo la Tokyo kura ya bibi wa Akita haina kazi.

Alistaafu bunge 2007, baadaye akaongoza shirika la serikali la kukuza michezo, lile linaloendesha toto, bahati nasibu ya matokeo ya soka ambayo sehemu ya mapato yake hurudi kwenye viwanja na vilabu. Alifariki Machi 2021 akiwa na miaka 85.

Na kwa anayefuatilia ule ugonjwa wa kugawana kura: 2001 LDP ilisimamisha mtu mmoja tu Tokyo, Hosaka Sanzo, akaongoza wote. 2007 viti vikawa vitano, wakasimamisha wawili tena. Mtangazaji wa televisheni Marukawa Tamayo, mgeni kabisa, akapita. Hosaka, mwenye kiti, akaanguka.